Bima ya Motokari na Mtu Aliyehukumiwa kwa Ulevi



Kuna swali moja ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, maana linaleta haya. Ni hili: mtu aliyeshikwa na askari akiendesha motokari hali amelewa, akapelekwa mbele ya juji, akahukumiwa, atapata wapi bima tena?

Pengine utasema, "Neno hili si letu. Mimi sina hata baiskeli." Lakini ngoja kidogo. Tangu miaka ya 2010 Wakongo wengi waliokuwa wakimbizi wamepokelewa Marekani, na kati yao ni wengi wanaosema Kiswahili. Wengine wako Ubelgiji, Ufaransa na Kanada. Kule mtu asiye na motokari huona taabu kufika kazini. Na kule, kama hapa, wako wanaokunywa pombe kisha wanashika usukani. Siku wanaposhikwa, simu hulia hapa nyumbani: kwa baba, kwa mama mdogo, kwa mzee wa kanisa. Wanaomba feza na shauri. Ni vizuri uwe na shauri jema la kuwapa.

Mimi naona wengi huanza vibaya. Huuliza, "Bima ya bei rahisi iko wapi?" Hilo ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: bima hiyo ni ya nani?

Bima ni ya nani?

Bima ya motokari, ambayo wengi kwetu huiita asiransi, ina sehemu nyingi. Lakini sehemu inayolazimishwa na sheria karibu kila nchi ni moja tu: ile inayomlipa mtu mwingine. Ukimgonga mtoto njiani, bima hiyo hulipa dawa zake. Ukivunja mguu wa mwuza-mihogo, bima hulipa hospitali na siku ambazo hakufanya kazi. Ukiua baba wa watu, bima hulipa wale aliokuwa akiwalisha. Haikuwekwa kwanza kwa ajili ya motokari yako. Iliwekwa kwa ajili ya yule asiyekujua, ambaye hakukukosea neno lolote.

Ndiyo maana serikali ziliona haifai kumwachia kila mtu achague. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lililazimisha bima hiyo tangu 1927. Uingereza ilifuata kwa sheria ya 1930. Ubelgiji ilitunga sheria yake 1956, na nchi yetu ya Kongo imeilazimisha kwa sheria ya mwezi wa Januari 1973.

Ukifahamu hili, mambo mengine yote yatakuwa wazi. Yule aliyeendesha akiwa amelewa amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kumwumiza jirani. Basi yeye kuliko watu wote anapaswa kuwa na bima. Asipokuwa nayo, hasara haimwangukii yeye. Inamwangukia mtu aliyelala kitandani na mguu uliovunjika, na jamaa zake wanaouza mbuzi na shamba ili walipe hospitali.

Pombe hufanya nini mwilini?

Kabla ya kuendelea, tujue sababu ya sheria kuwa kali. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye alkoholi 5 kwa mia, ina gramu karibu 28 za alkoholi safi. Katika mtu mume wa kilo 70, chupa moja huweza kufikisha karibu gramu 0.5 katika kila lita ya damu. Chupa mbili huweza kufikisha gramu 1. Kwa mwanamke kipimo hupanda zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji machache kuliko ya mwanamume wa uzito uleule. Kasiksi na lutuku hazina kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na lutuku ni kali mara nyingi kuliko bia. Mtu hajui amekunywa kiasi gani mpaka amekwisha kulewa.

Alkoholi huingia katika ubongo upesi. Kabla mtu hajayumba, kabla ulimi wake haujawa mzito, tayari macho yake yanachelewa, na mguu wake unachelewa kukanyaga breki. Tena pombe humwondolea hofu. Anaendesha vibaya zaidi huku anajiona anaendesha vizuri zaidi. Hapo ndipo penye hatari kubwa.

Ini huiondoa alkoholi polepole, gramu 7 mpaka 10 kwa saa moja kwa watu wengi. Kahawa haiharakishi kazi hiyo. Maji baridi kichwani hayaharakishi. Kutapika hakuondoi pombe iliyokwisha kuingia katika damu. Mtu aliyekunywa chupa kubwa nne hadi saa nne usiku, akilala na kuamka saa mbili asubuhi, huenda bado ana pombe mwilini. Wengi walioshikwa na askari walishikwa asubuhi, wakienda kazini, na wakashangaa.

Nchi ya Norway iliweka kipimo cha damu katika sheria tangu 1936. Mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Marekani alitengeneza chombo cha kupima pombe kwa pumzi, na toka hapo kazi ya askari ikawa rahisi. Leo karibu majimbo yote ya Marekani huhesabu kosa likianza gramu 0.8 katika lita ya damu. Utah imeshusha hadi 0.5 tangu mwisho wa 2018. Ubelgiji na Ufaransa nazo huhesabu 0.5. Na sheria hizi si mchezo. Mwaka 2022 peke yake, watu 13,524 walikufa huko Marekani katika ajali zenye shofere aliyepita kipimo cha 0.8.

Baada ya hukumu, mambo huwaje?

Sasa tuseme ndugu yako yuko Marekani na amekwisha kuhukumiwa. Atakuta mambo matatu.

La kwanza, permi yake ya kuendesha huzuiwa kwa muda. Hawezi kuirudisha mpaka atimize aliyoagizwa: kulipa faini, kuhudhuria mafundisho juu ya pombe, na mara nyingi kuwekewa chombo ndani ya motokari ambacho huipima pumzi yake kwanza. Pumzi ikiwa na pombe, injini haiwaki.

La pili, katika majimbo mengi huombwa hati inayoitwa SR-22. Wengi husema ni aina ya bima. Sivyo. Ni hati ambayo kampuni ya bima huipeleka kwa serikali ya jimbo kuthibitisha kwamba mtu huyu ana bima ya kutosha. Katika majimbo mengi hudumu miaka mitatu. Bima ikikatika, kampuni huijulisha serikali, na permi huzuiwa tena. Florida na Virginia hutumia hati nyingine kwa walevi, inayoitwa FR-44, inayotaka bima kubwa kuliko ya kawaida. Kule Florida bima hiyo lazima iweze kulipa dola 100,000 kwa mtu mmoja aliyeumizwa na dola 300,000 kwa ajali moja. Hata New Hampshire, jimbo ambalo halimlazimishi kila mtu kununua bima, humlazimisha aliyehukumiwa kwa ulevi.

La tatu, bei hupanda. Pengine kampuni yake humwambia, "Hatukutaki tena." Katika California, aliyehukumiwa hukosa kwa miaka 10 punguzo la bei ambalo sheria huwapa mashofere wema.

Afanye nini?

Haya ni mashauri ya kumpa. Mwambie ayafuate kwa utaratibu.

Kwanza, aulize jimbo lake linataka nini hasa: hati gani, kwa miaka mingapi, na kuanzia siku gani. Asitegemee maneno ya rafiki aliye jimbo lingine, maana sheria hazifanani.

Pili, aseme kweli. Kampuni ikiuliza, "Umewahi kuhukumiwa?" ajibu ndiyo, na ataje tarehe. Kampuni huangalia kitabu cha serikali chenye makosa ya mashofere, na uongo utaonekana. Ukionekana baada ya ajali, kampuni huweza kukataa kulipa. Hapo atakuwa amelipa feza miezi mingi kwa karatasi isiyo na nguvu.

Tatu, aulize kampuni nyingi, si moja. Bei zao hupitana sana kwa mtu wa namna hii, kwa sababu wako wasiotaka walevi kabisa na wako waliozoea kuwapokea. Wakala anayefanya kazi na kampuni nyingi huweza kumsaidia kulinganisha. Na aulize mapema kama kampuni hupeleka hati ya SR-22, maana si zote hufanya hivyo.

Nne, kama hana motokari tena, asidhani hati haimhusu. Iko bima ya mtu asiye na motokari, anayeazima mara kwa mara. Mara nyingi bei yake ni ndogo, na hati huweza kupelekwa kwa bima hiyo.

Tano, wote wakimkataa, bado uko mlango wa mwisho. Majimbo ya Marekani yana mpango wa kuwagawia makampuni wale waliokataliwa, kila kampuni ikipokea fungu lake. Bei ni kubwa, lakini mtu hapotei. Ubelgiji nayo ina ofisi ya kupanga bei: mtu akikataliwa na kampuni tatu, huenda pale, nao hutafuta namna ya kumwekea bima na bei yake. Ufaransa ina ofisi ya kazi kama hiyo.

Sita, akiisha kupata bima, asiiache ikatike hata siku moja. Alipe kabla ya tarehe. Miaka ikipita bila kosa, aulize bei tena kwa kampuni nyingine. Wengi huendelea kulipa bei ya adhabu kwa sababu hawakuuliza.

Je, ni haki?

Wengine hunung'unika. Husema, "Mtu amekwisha kulipa faini. Amekwisha kukaa gerezani. Mbona anaadhibiwa tena na kampuni ya bima?"

Mimi najibu: bei ya bima si hukumu ya juji. Ni hesabu ya hatari. Wanaolipa bima huweka feza zao katika sanduku moja, ili atakayeumizwa alipwe kutoka humo. Mwenye kuleta hatari kubwa asipoongeza fungu lake, fungu hilo litatolewa na mjane anayeendesha polepole kwenda sokoni. Hiyo isingekuwa haki.

Lakini manung'uniko mengine yana kweli ndani yake, na nisipoyasema nitakuwa mwongo. Bei kubwa haimwumizi tajiri kama inavyomwumiza maskini. Tajiri hulipa, kisha hunywa tena. Maskini hushindwa kulipa, na kwa kuwa lazima aende kazini, anaendesha bila bima. Ndipo yule jirani ambaye sheria ilitaka kumlinda anabaki bila ulinzi wowote. Kwa sababu hiyo mimi naona feza peke yake si dawa ya kutosha. Chombo cha kupima pumzi ni kizuri kuliko faini, maana humzuia tajiri na maskini sawasawa. Na ule mlango wa mwisho wa waliokataliwa usifungwe kamwe, hata kama watu wakasirike na kusema mlevi hastahili. Hatumfungulii mlevi. Tunamfungulia mtoto atakayevuka barabara.

Tusimsaidie kwa njia mbaya

Hapa nasema nawe uliye nyumbani, na nasema kwa ukali kidogo.

Iko desturi ya kuficha. Motokari huandikwa kwa jina la kaka au shemeji, bima hununuliwa kwa jina hilo, na aliyehukumiwa ndiye anayeendesha. Watu huita jambo hilo upendo wa jamaa. Si upendo. Ajali ikitokea, kampuni huuliza nani alikuwa kwenye usukani, na uongo hufunuka. Aliyeumizwa huweza kukosa malipo, na yule kaka mwema huingia mashakani pamoja na ndugu yake. Watu wawili wameanguka badala ya mmoja.

Wengine huchangisha feza za kulipia bima, kisha jioni humkaribisha ndugu yuleyule kwenye meza ya bia. Hiyo ni kama kumpa mgonjwa dawa kwa mkono wa kuume na sumu kwa mkono wa kushoto.

Ukitaka kumsaidia, yako mambo mema ya kufanya. Mpeleke kazini asubuhi mpaka permi irudi. Kaa naye siku za sikukuu, wakati ambapo kishawishi ni kikubwa. Mwulize bila kumdharau kama pombe imekwisha kumtawala. Dalili ziko wazi: mikono inatetemeka asubuhi mpaka anywe, anaficha chupa, anaahidi kuacha na hawezi, anakunywa kabla ya kazi. Mtu wa namna hii hana shida ya bima tu. Ana ugonjwa, naye anahitaji mganga. Tena asiache ghafula akiwa peke yake kama amekunywa sana kila siku kwa miaka mingi. Mwili uliozoea pombe ukikoseshwa mara moja huweza kutetemeka sana, kuona vitu visivyokuwapo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Aende kwanza hospitali, apunguziwe kwa dawa na kuangaliwa.

Na sisi wa hapa?

Usiseme maneno haya ni ya ng'ambo. Hapa kwetu pia bima ni sheria, nayo si ya motokari peke yake bali hata ya pikipiki. Miaka mingi kampuni ya serikali, SONAS, iliyoundwa 1966, ilikuwa peke yake. Sheria ya 2015 iliruhusu kampuni nyingine nazo zifanye kazi hiyo. Lakini pikipiki nyingi za kubeba watu huenda bila bima, na vijana wengi wanaoziendesha hukata baridi ya asubuhi kwa kikombe cha lutuku.

Ni nani anayelipa? Kila mtu aliyekaa katika hospitali anamjua. Ni mama anayelala chini karibu na kitanda cha mwanawe. Ni mgonjwa aliyepona mfupa lakini hawezi kurudi nyumbani kwa sababu deni halijalipwa. Aliyemgonga amekimbia, au yupo lakini mfuko wake ni mtupu. Akiwa na bima, pangekuwa na mahali pa kudai. Akiwa hakunywa, pengine pasingekuwa na ajali.

Basi, kabla ya kupanda pikipiki, nusa pumzi ya shofere. Ikinuka pombe, shuka. Usione haya. Mwenye motokari, uliza hati ya bima yako inakwisha siku gani, leo, si kesho. Wewe uliye na mwana ng'ambo, akikupigia simu na kusema amehukumiwa, usimlaani wala usimfiche. Mwambie aseme kweli, alipe bei iliyo haki yake kulipa, aache chupa, na ashike njia hiyo mpaka miaka yake itimie.

Bima humlipa aliyevunjika. Haiwezi kumrudisha aliyekufa. Kazi hiyo ya kumlinda angali mzima ni ya yule anayekataa chupa kabla ya kushika usukani, nayo haihitaji feza yoyote.